Fiodi za Greenland mashariki mwezi Septemba

Ndugu, umeuliza kama Septemba ni kuchelewa kwa safari ya meli huko Scoresbysund, fiodi kubwa (mkono wa bahari ulioingia kati ya milima) ya Greenland mashariki, na kama viza ya kawaida ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inatosha.

Hujachelewa hata kidogo, mimi ningechagua mwezi huohuo. Barafu ya bahari huziba mlango wa fiodi sehemu kubwa ya mwaka, meli zikaanza kupita mwishoni mwa Julai hivi. Kufika Septemba giza la usiku limesharudi baada ya kiangazi ambacho jua halizami, kwa hiyo mbingu ikiwa safi utaona ile mianga ya kijani angani. Mkifika Røde Ø, kisiwa cha mawe mekundu chenye milima ya barafu iliyokwama kando yake, mwombeni nahodha wa boti ya mpira azime injini. Mtasikia vipande vya barafu vikitatarika majini: ni hewa ya kale iliyobanwa ndani, inatoka.

Viza sasa, hapo kuwa makini sana. Greenland iko chini ya Denmark lakini haimo Schengen. Stika ya viza lazima iandikwe wazi kwamba inatumika Greenland. Na kwa kuwa safari nyingi huanzia Iceland, iliyo ndani ya Schengen, omba ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo kurudi kutakushinda.

Chukua meli ndogo. Kwenye kubwa mnashuka kwa zamu, na kijiji cha Ittoqqortoormiit chenyewe, kilicho mlangoni mwa fiodi hiyo, kina watu kama 350 tu. Ni wawindaji, ukikuta ngozi ya dubu imewambwa nje ya nyumba, omba ruhusa kabla ya kupiga picha.