Mama ameombwa kuingia kwenye utafiti wa mkono uliovunjika: jibu langu kwa mleta mada

Mkuu, pole sana kwa mama. Kwa ambao hawajasoma bandiko la kwanza: mama yake mleta mada aliteleza shambani Old Moshi, akajizuia kwa kiganja, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kifundo cha mkono. Hospitali wamemwomba aingie kwenye utafiti unaolinganisha hogo (P.O.P, plasta ngumu ya kufunga mkono) na kupigwa pini (nyaya nyembamba za chuma za kushikilia mfupa), na tiba atakayopata inapangwa kwa bahati nasibu. Mleta mada yuko Dar na anauliza: "Yaani daktari bingwa anarusha shilingi juu ya mkono wa mama yangu? Nimwambie asisaini?"

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Moshi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipima mikono ya wagonjwa walio kwenye tafiti za aina hii. Angekuwa mama yangu, ningemshauri aingie, ila kuna maswali ningetaka yajibiwe kwanza. Na anayeamua ni yeye. Fomu ya ridhaa anasaini mama, si mtoto wa kiume kwa simu kutoka Dar.

Nianze na hiyo shilingi, maana ndiyo iliyokukera. Kuvunjika kwa namna hii kulielezwa na Abraham Colles wa Dublin mwaka 1814, na mpaka leo ukiweka eksirei moja mbele ya mabingwa watatu unaweza kuondoka na majibu matatu. Mmoja atasema mfupa uvutwe, afungwe hogo. Wa pili atasema apigwe pini. Wa tatu atataka pleti na skrubu. Hakuna anayekudanganya hapo, kila mmoja anasema alichozoea kukifanya na kukiona kikipona. Kamati ya maadili inaruhusu kupanga wagonjwa kwa bahati nasibu pale tu ambapo ubishi huo upo kweli. Ingekuwa inajulikana tiba ipi ni bora, kumnyima mama tiba hiyo kungekuwa kosa, na utafiti usingepewa kibali.

Utauliza, kwa nini basi kila daktari asichague mwenyewe, halafu wahesabu waliopona? Kwa sababu daktari mwenye busara atawapeleka chumba cha upasuaji watu wenye mfupa imara, na bibi mwenye kisukari na presha atamwachia hogo. Mwisho wa mwaka itaonekana pini zimeshinda, kumbe kilichoshinda ni ujana. Bahati nasibu inazichanganya pande zote mbili ili zifanane kwa umri, kwa ugonjwa na kwa uzito wa kazi, kabla hujaanza kulinganisha.

Wenzetu Uingereza wameshafanya kazi kubwa kwenye mfupa huu huu. Utafiti wa DRAFFT, uliotoka mwaka 2014, ulichukua wagonjwa 461 ukalinganisha pini na pleti. Baada ya mwaka mmoja mikono ilikuwa haina tofauti ya maana, na madaktari wengi kule wakarudi kwenye pini, ambazo ni nafuu kwa bei. Kisha mwaka 2022 ikatoka DRAFFT2, wagonjwa 500, safari hii hogo dhidi ya pini. Baada ya mwaka, tena hakuna tofauti ya maana. Ukiishia hapo utasema basi, mama afungwe hogo yaishe.

Usiishie hapo. Katika waliofungwa hogo, asilimia 13 walihitaji upasuaji ndani ya wiki sita za mwanzo kwa sababu mfupa ulihama kutoka pale ulipovutwa. Upande wa pini aliyerudishwa kufanyiwa upasuaji alikuwa mmoja tu. Maana yake hogo lilifanya vizuri kwa sababu mfupa ulipohama palikuwa na mtu wa kuuona kwenye picha, na nafasi ya upasuaji ikapatikana kabla haujaunga vibaya. Sasa lete hesabu hiyo huku kwetu. Mama anatakiwa kurudi kupiga picha wiki ya kwanza na ya pili. Masika imeshika, barabara ya mgombani ni tope, nauli ya bodaboda hadi barabara kuu imepanda, na mkono hauumi tena. Wengi hawarudi. Wakija kufunguliwa hogo baada ya wiki sita, mkono umepinda na mfupa umeshaunga hivyo hivyo.

Ndiyo maana siwezi kuchukua jibu la Uingereza nikamkabidhi mama yako. Swali lao na letu linafanana, ila mazingira ni mengine, na hakuna njia ya kulijibu zaidi ya kuwauliza wagonjwa wa hapa, Kilimanjaro. Nikisikia mtu anasema tafiti za mifupa ni za wazungu, sisi tutafuata tu mwongozo wao, naumia kweli.

Kingine, ambacho mimi ndicho ninachokishika kila siku: mkono "uliopona" unapimwaje? Eksirei haitoshi. Nimeona picha nzuri za mtu asiyeweza kufunga kifungo, na picha mbaya za mama anayelima. Kwa hiyo tunapima nguvu ya kukamata kwa dinamomita, kifaa cha kubana kwa kiganja. Mgonjwa anakaa, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, mkono umelala ubavuni, anabana kwa nguvu zake zote mara tatu, tunatoa wastani, kisha tunalinganisha na mkono mzima. Halafu kuna dodoso. La kawaida linaitwa DASH, lilitengenezwa mwaka 1996 huko Amerika Kaskazini, lina maswali 30, na alama zinatoka 0 hadi 100, zikipanda ndiyo hali mbaya. Linauliza kufungua chupa iliyokazwa, kubadilisha balbu, kukausha nywele kwa mashine. Linauliza pia michezo, na mifano yake ni gofu na tenisi.

Kuna mama mmoja wa Kibosho nilikuwa namsomea maswali hayo. Tulipofika kwenye michezo alinyamaza, akanitazama, akasema: "Mwanangu, mbona huniulizi kama nakamua?" Nikamuuliza. Akanionesha: dole gumba na kidole cha shahada havikuweza kubana na kushuka kwa pamoja. Ng'ombe wake alikuwa anakamuliwa na kijana wa jirani kwa malipo, na hela ya maziwa ndiyo iliyokuwa inalipa marejesho yake ya VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa. Kwenye karatasi mkono wake ulionekana mzuri tu, kwa kuwa maswali mengi yalikuwa ya vitu asivyovifanya, akajibu "hakuna shida" ili tuendelee. Wengine huruka swali, na DASH ina masharti: yakikosekana majibu zaidi ya matatu, alama haihesabiki. Mgonjwa huyo anapotea kwenye matokeo kana kwamba hakuwahi kuja.

Kwa hiyo mkuu, swali la kwanza ambalo ningetaka mama aulize ni hilo: mtapima nini, na mmeuliza wapi kuhusu kusonga ugali, kukamua nguo, kukata majani ya ng'ombe, kujitwisha mkungu wa ndizi? Mtafiti makini atalipokea vizuri swali hilo, na wapo watakaoliongeza kwenye fomu zao.

Swali la fedha liulizwe bila aibu. Nani analipia pini? Nani analipia picha za ziada ambazo mama asingepigwa kama asingekuwa kwenye utafiti? Nauli ya kurudi inarejeshwa? Na akiangukia upande wa hogo, mfupa ukahama, upasuaji huo wa pili ni wa mradi au wa familia? Hili la mwisho lipatiwe jibu la maandishi. Nimeona familia ikiuza mbuzi kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ameshauliza.

Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili, aachiwe nakala yake, na iwe na simu ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili iliyotoa kibali. Mwombe mhusika amwoneshe kibali chenyewe, kile cha chuo na kile cha taifa kinachotolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mama ana haki ya kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu na matibabu yake yasipungue. Haki za washiriki zinalindwa na Azimio la Helsinki la mwaka 1964, si fadhila ya daktari. Akisomewa haraka haraka na kuambiwa "weka dole gumba hapa", asisaini siku hiyo. Arudi nyumbani, mzungumze kwa simu, kama muda wa mfupa unaruhusu. Ila usichelewe, kwa sababu mfupa huo ukipita wiki mbili hivi unaanza kushika na kuuvuta kunakuwa kazi.

Akikubali, basi kazi yako wewe wa Dar ni tarehe. Wape namba yako, ya mama, na ya jirani anayeshinda nyumbani, maana mama zetu wanabadilisha laini na mradi unampoteza mtu. Usimwahidi kwamba utampeleka mwenyewe ukija Desemba, picha ya wiki ya pili haisubiri Krismasi. Aliyepona anaona hana sababu ya kurudi, na aliyeharibikiwa ameshaenda kwa mganga wa mifupa. Wakikosekana hao wote wawili, matokeo yanayobaki hayamsaidii mgonjwa anayekuja kesho.

Iwe kwenye utafiti au nje, haya afanye kuanzia leo. Mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo anapokaa, na vidole vyote vikunjwe hadi viguse kiganja, kisha vinyooshwe, mara nyingi kwa siku, hata kama vimevimba. Bega na kiwiko avichezeshe pia. Akihisi ganzi kwenye dole gumba, shahada na kidole cha kati, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, au vidole vimekuwa baridi na rangi imebadilika, huenda hogo limebana au mshipa wa fahamu umebanwa. Arudi hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku, asisubiri tarehe ya kliniki.

Ukipata majibu yao kuhusu gharama, yaweke hapa. Kuna wengine wawili humu wana wagonjwa walioulizwa swali hilo hilo.