Kimathi Shujaa au Gaidi? Na Maswali Mengine ya Wasomaji

SWALI: Salamu mhariri. Mimi ni mwalimu wa historia sekondari. Juzi darasa liliwaka moto juu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, wapiganaji wa msituni waliompinga mkoloni Mwingereza miaka ya 50, mmoja anasema shujaa, mwingine anasema kwao wanajua Mau Mau walichinja watu wao wenyewe, mpaka nikaona watashikana mashati. Nikafunga mjadala kwa kuwaambia tusiwahukumu watu wa zamani kwa macho ya leo. Wakanyamaza, lakini mimi sikuridhika. Nilijibu au nilikwepa? – Mwalimu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, ulikwepa, ila hauko peke yako, hiyo sentensi inatuokoa wengi.

Shida yake ni kwamba inafanya miaka ya 50 ionekane kama watu wote walikuwa na mawazo mamoja, kumbe hata wao kwa wao walikuwa wanahukumiana kila siku tena kwa ukali kuliko sisi. Kuna Wakikuyu waliomchukia mkoloni kabisa, kipande (kitambulisho cha lazima) wamebeba, ardhi wamenyang'anywa, na bado walikataa kiapo cha Mau Mau, wengine kwa sababu ya wokovu, na baadhi yao waliuawa kwa hilo. Ndani ya msitu wa Nyandarua kwenyewe Kimathi na kamanda mwenzake Stanley Mathenge walikosana vibaya sana. Sasa ukisema "wakati ule," unamaanisha wakati wa nani?

Chukua shambulio la Mau Mau kule Lari, Kiambu, usiku wa Machi 26, 1953. Nyumba zilizingirwa, milango ikafungwa kwa nje, zikatiwa moto, na aliyepenya dirishani alikutana na panga. Zaidi ya watu 70 walikufa, wengi wao wanawake na watoto, wa familia za machifu na homugadi (walinzi wa vijiji waliopigana upande wa serikali ya mkoloni). Lakini hapo ndipo muktadha unafanya kazi yake kweli, maana Lari haikuchaguliwa kibahati tu. Watu walikuwa wametolewa Tigoni ili ardhi ile iwe ya walowezi, wakapewa Lari, chifu Luka Wakahangara akakubali kuhama na watu wake, waliokataa wakafukuzwa hivyo hivyo na wakakosa vyote viwili. Luka aliuawa usiku ule. Halafu homugadi na polisi wakalipiza, na inaaminika waliokufa kwenye kulipiza ni wengi kuliko wale wa kwanza, ila hao hawakupigwa picha za kupelekwa magazetini London.

Kwa hiyo mimi ningewaambia wanafunzi hivi: muktadha unakueleza hasira ilitoka wapi, na kwa nini kijana aliyerudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia kule Burma akakuta hana hata robo ekari aliingia msituni. Haukuambii kwamba mtoto aliyechomwa ndani ya nyumba alistahili. Na usifikirie hilo ni jicho la leo, mama zao walilia siku ile ile.

Na kipimo hicho hicho kipeleke upande wa pili, maana Waingereza nao siku hizi wanapenda sana kusema "ndivyo mambo yalivyokuwa." Hapana bwana. Mwaka 1957 mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring juu ya kupiga wafungwa wa Mau Mau kambini, akasema kama ni kutenda dhambi basi watende kimya kimya. Mtu anayeandika hivyo anajua kabisa anachofanya. Machi 1959 kwenye kambi ya Hola wafungwa 11 walipigwa mpaka kufa, na serikali ikatangaza eti walikufa baada ya kunywa maji. Ungeficha kama unaona ni sawa? Waliokuwa wanapiga kelele bungeni London ni watu wa wakati ule ule, mbunge Barbara Castle akiwemo.

Hesabu pia zinasaidia darasani. Raia wa kizungu waliouawa na Mau Mau kipindi chote ni 32. Raia Waafrika waliouawa na Mau Mau ni karibu 1,800. Waliopelekwa kitanzini na serikali ni zaidi ya 1,000, Kimathi mwenyewe akiwa mmojawao, Februari 18, 1957 pale gereza la Kamiti, na kosa lililomnyonga halikuwa kuua mtu, lilikuwa kukutwa na bastola. Waache wanafunzi wakae na namba hizo kidogo, mbona kelele zitapungua zenyewe.

Ukiniuliza mimi, Kimathi ni mpigania uhuru na sioni haya kusema, na pia alikuwa kamanda ambaye baadhi ya maagizo yake yaliua watu wasio na hatia. Sanamu ya Nairobi inabeba la kwanza tu, hiyo ni kazi ya sanamu, lakini mwalimu si sanamu. Na kumbuka serikali yetu wenyewe iliacha Mau Mau ikiwa chama haramu mpaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru, Mzee Kenyatta aliwahi kuifananisha na ugonjwa, kwa hiyo hata huo ushujaa ni wa juzi.

SWALI: Babu yangu mzaa baba alikuwa homugadi na shamba letu lilipatikana miaka ile. Nikisikia watu wanasifu Mau Mau nakaa kimya tu. Niombe msamaha au? – Msomaji, Murang'a

JIBU: Dada, usiombe msamaha wa kitu usichokifanya, lakini ukimya nao punguza. Homugadi hawakuwa aina moja, kuna aliyeingia kwa sababu ndugu yake aliuawa, kuna aliyetafuta kibali cha kutembea na kufanya biashara, kuna aliyekuwa homugadi mchana na usiku anapeleka risasi msituni. Babu alikuwa yupi? Muulize shangazi mkubwa kama yupo, usiulize mbele ya watu.

La shamba ndilo gumu. Wakati mashamba yanaunganishwa na kupimwa upya, wengi walioshukiwa kuwa Mau Mau walikuwa kizuizini, wakirudi wanakuta mpaka umehama. Kama kuna familia jirani ambayo miaka yote inasema kipande fulani kilikuwa chao, anzia hapo, tafuteni wazee wa pande zote mbili mkae, na mwende na hati, si hadithi tupu.