Usilazimishwe kuchagua upande barazani

Waalaykum salaam, dada. Nimekuelewa: mkuu wa ofisi yenu hapo Chake Chake anatuhumiwa kuwataka kimapenzi wasichana walio chini yake, mtaa umegawika, na wewe uliyeoneshwa ujumbe wake na mlalamikaji unabanwa useme.

Barazani usiseme. Watamtetea kwa kuwa alichangia msikiti, wengine watamhukumu kwa sababu ya chama chake tu. Hao wote hawakuuona ujumbe.

Kubwa ni huo ujumbe. Mwambie mwenzako asiufute, aupige picha pamoja na tarehe, na nakala aiweke nje ya simu ya kazini. Wewe andika leo ulichokiona kwa macho yako, mbali na ulichosimuliwa. Usiurushe kwenye magrupu: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika hadi huku Zanzibar, na jina la msichana likishatoka halirudi. (Kwetu, la mwanamme husahauliwa mapema zaidi.)

Kushitaki ni uamuzi wa mlalamikaji, si wako. Kama cheo au mkataba vilitajwa, hiyo ni rushwa ya ngono, aende ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa ya Zanzibar. Kama mkuu amemshika kwa nguvu, aende polisi, Dawati la Jinsia, bila kungoja kikao cha ofisi.

Kabla hujatia saini maelezo yoyote, muone mwanasheria. ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake Zanzibar, husaidia wanawake. Na mkuu akikwita "muyamalize" faraghani, usende peke yako.