Mwaka wa marehemu: punguzeni masufuria

Mwaka wa marehemu babangu, yaani kumbukumbu ya kila mwaka ya kifo chake, ukikaribia, ndugu huanza kubishana mambo mawili: tarehe, na mchele kilo ngapi.

La tarehe ni dogo. Mwaka wa Kiislamu ni siku 354 au 355, umepungua ule wa Januari hadi Desemba kwa siku 11 hivi, kwa hiyo anayehesabu kwa mwezi mwandamo na anayetazama kalenda ya ukutani hawatakutana. Chagueni moja. Sisi tumeshika Rajabu, basi.

La mchele ndilo linalonikera. Nimeona hitima, kisomo cha Qur'ani cha kumwombea marehemu, hapa Mombasa ambapo mabinti wa marehemu walishinda uani kwenye moshi, macho mekundu, na dua ikaitikiwa hata hawajanawa mikono. Ule ni msiba wao! Kwetu juzuu 30, yaani sehemu za Qur'ani, tunagawana mapema kwa WhatsApp. Wa Kibokoni anasoma, wa Dubai anasoma, kisha baada ya alasiri tunakutana kwa dua, kahawa chungu, tende na kaimati. Wako ndugu wasioafiki hitima. Msiwalazimishe, waachieni upande wa sadaka.

Na sadaka iwe ya jambo alilolipenda mwenyewe. Mifereji ya maji ya nyumbani ikikauka, na hapa mjini hukauka kweli, babangu alikuwa akimlipa hamali wa mkokoteni apeleke mitungi ya lita 20 kwa wajane wa mtaani. Hilo ndilo tunaloendeleza. Hamali tunamlipa moja kwa moja, wala hatupigi picha.

Kaburini Kikowani twendeni asubuhi, jua halijachoma. Chukueni panga la kufyekea majani, na pia kopo dogo la rangi nyeusi na brashi nyembamba, kwani mvua za masika hula herufi za kibao. Herufi ya mwisho ya jina la babangu hufutika kwanza, sijui kwa nini. Mpakaji awe mwenye mkono mtulivu, si mjukuu anayetaka kujaribu.

Lakini kama bado kuna deni la marehemu, hata la dukani, lilipwe kabla hamjafikiria pilau. Deni hutangulia hata urithi.

Mchango mkabidhini mtu mmoja anayeandika hesabu. Kwetu ni dadangu mdogo, na hakuna anayethubutu kumcheleweshea.