Saa mbili ipi bwana?

Mimi kazi yangu boti, navusha watu kutoka Mokowe kuja Lamu. Kuna mteja aliniandikia wasapu, "kesho tukutane Mokowe saa 2", nikamjibu "sawa" nikaendelea na shughuli zangu. Saa mbili asubuhi nimeshafunga boti gatini nangoja, jua lapanda, mtu hakuna, simu yake haishiki, nikarudi zangu petroli imeenda bure. Saa nane mchana nimekula wali nimejinyoosha, simu hiyo, jamaa yuko Mokowe na mkewe na mabegi anafoka. Kumbe ni mtu wa ofisi Nairobi, saa anaisoma vile simu yake inavyoandika.

Mpaka leo moyoni nasema kosa kidogo ni lake, lakini ile "sawa" yangu ndo ilituponza. Nilikubali kitu sijakiuliza.

Sasa hivi mtu akiniambia jambo namrudishia kwa maneno yangu, "saa mbili asubuhi, ukishakunywa chai, si ndio?" Wengine wanaona namsumbua mtu, shauri yao, petroli ni yangu.

Kuna Mmarekani Claude Shannon, mwaka 1948 aliandika jinsi ujumbe unavyosafiri, una anayetuma, njia unayopita, kelele za njiani, na anayepokea. Lakini maana ya maneno yenyewe aliiweka kando kabisa, yeye shida yake ilikuwa mitambo. Sisi ugomvi wetu mwingi uko hapo hapo alipopaacha, maneno yamefika mazima na kila mtu kabeba maana yake.

Mfano huku Langoni, mtaa wa Lamu, kulikuwa na fundi wa bara anapiga plasta, mzee mmoja wa mtaani akamwita, "Ndoo hapa!" Fundi mbio, akaleta ndoo. Mzee akaona huyu kijana ananifanyia mzaha, akawaka. Sisi Waamu, watu wa Lamu, tukisema ndoo ni njoo, kama vile ndia ni njia, sasa fundi angejuaje? Bahati walikuwa wanaonana, kijana kasimama na ndoo yake kaduwaa, mzee akamtazama uso mara moja akaanza kucheka mwenyewe. Ingekuwa kwa simu wangenuniana wiki nzima.

Ndo maana jambo zito silimalizi kwa meseji. Nikikosana na mtu sitaki kuandikiana maaya marefu usiku, unamuona "anaandika... anaandika..." halafu haleti kitu, roho yakupaa bure. Asubuhi naenda kwake napiga hodi, tunakaa barazani, maneno mengine hata hayasemwi tena. Na usianze na lawama, uliza kwanza wa nyumbani hawajambo, hapo ushaona uso wake umekaaje.

Yule mteja bado ananipigia. Siku hizi anaandika "saa 8 mchana, JUA KALI", na mimi namrudishia vile vile, na jua lake.