Rangi hazikatazwi na baridi ya Lushoto

Mdogo wangu, umesema unahamia Lushoto mwezi wa sita, na kwamba mitumba ya nguo za baridi ni nyeusi na kijivu tupu. Rangi zipo, ila uwahi belo linapofunguliwa. Anzia upande wa sweta za kiume na za watoto wakubwa. Huko ndiko nimepata haradali, kijani cha mgomba na wekundu uliokolea.

Sweta ya sufu ndiyo inayokinga. Ukifika nyumbani chomoa uzi mmoja upindoni uuchome: ukinuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, ni sufu. Ukiyeyuka na kuganda, ni nailoni au jamaa zake. Kabla ya kulipa inyanyue juani uone matundu ya nondo, kisha kagua kwapa na zipu. Ifue kwa maji baridi, usiikamue, uianike imelala.

Kupangilia: koti la kijivu lisikukere, ndilo linalotuliza. Ndani vaa sweta ya haradali, shingoni jitande kanga yenye haradali hiyohiyo kwenye pindo. Soksi ziwe nyekundu, tafadhali!