Kabla Hujasema Ana Jini Mahaba: Namna ya Kuuelewa Uaseksuali

Mtu akifika miaka 30 hajaonyesha dalili ya kutaka mwenza, mtaani majibu huwa tayari. Akiwa mwanamke, ana jini mahaba. Akiwa mwanamume, hana nguvu au kuna mtu amemfunga. Hapo zinaanza safari za kwa mganga, za kisomo, za maombezi, na pesa inakwisha bila jawabu. Yapo maelezo mengine ambayo wengi hawayafikirii: huenda mtu huyo ni aseksuali, yaani hapati mvuto wa kingono kwa watu wengine, au anaupata kwa nadra mno.

Neno la kushika hapo ni mvuto. Makosa mengi huanzia kwenye mambo manne ambayo kila siku tunayatia kwenye kapu moja la "mapenzi". Mvuto wa kingono ni kumwona mtu fulani, mwili ukamtaka yeye. Ashiki ni msisimko wa mwili unaoweza kuja wenyewe bila kumlenga yeyote. Tendo ni kile anachofanya mtu. Mvuto wa kimahaba ni kumwaza mtu, kumkumbuka, kutamani mzeeke pamoja. Linalomtofautisha aseksuali ni lile la kwanza tu. Hayo mengine anaweza kuwa nayo yote, au baadhi, au asiwe na hata moja.

Kwa hiyo kuna aseksuali waliooa, wenye watoto, wanaompenda mwenza kwa dhati. Wapo wanaochukizwa kabisa na tendo, wapo wasiolijali, na wapo wanaoliridhia na kulifurahia. Padri aliyeweka nadhiri ya useja ni jambo jingine: anaweza kuvutwa sana, ila ameamua kujizuia. Hanithi naye anaweza kutaka, mwili ndio haumtii.

Tazama vijana watatu barazani wakinywa kahawa. Anapita mtu mzuri. Wa kwanza anamkodolea macho mpaka kona. Wa pili moyo unamruka vilevile, lakini anainamisha macho kwa kuwa ana mchumba. Wa tatu anaona kanzu iliyopigwa pasi vizuri na mwendo wa madaha, anausifia uzuri huo kwa moyo safi, anarudi kwenye kahawa yake. Uzuri ameuona kama wenzake, ila hakuna kilichomvuta kumwelekea yule mtu.

Kati ya huyo wa tatu na wale wawili kuna nafasi kubwa, nayo ndiyo huitwa wigo. Greiseksuali hupata mvuto kwa nadra, au hafifu kiasi kwamba hahangaiki nao. Aegoseksuali anaweza kusisimkwa na hadithi au mawazo yake, lakini yeye mwenyewe hataki kuwemo. Demiseksuali hapati mvuto mpaka kwanza ukaribu wa moyo ujengeke, na hata ukaribu ukijengeka si lazima mvuto uje. Huyu ndiye anayeeleweka vibaya kuliko wote, kwa sababu wengi husema "hata mimi sikubali mpaka nimzoee mtu". Aliyesubiri kumzoea mtu mara nyingi alivutwa tangu siku ya kwanza, akajipa muda. Kwa demiseksuali, siku hiyo ya kwanza palikuwa patupu. Aromantiki naye ni asiyepata mvuto wa kimahaba. Baadhi yao ni aseksuali, wengine la.

Si jambo lililozuka juzi. Alfred Kinsey, mtafiti wa tabia za kingono, katika ripoti yake ya mwaka 1948 huko Marekani, aliwaweka watu wa namna hii kwenye kundi alilolipa herufi X. Mwaka 2001 Mmarekani David Jay alianzisha AVEN, tovuti ya kuwakutanisha aseksuali na kuelimisha watu, ambako maneno mengi ya wigo huu yalijadiliwa. Mwaka 2004 mtafiti Anthony Bogaert alichambua majibu ya Waingereza zaidi ya 18,000, akakuta takriban asilimia 1 wanasema hawajawahi kuvutwa kingono na mtu yeyote. Na mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, unaeleza kwamba mtu anayejitambua kuwa aseksuali asihesabiwe kuwa na ugonjwa wa kukosa hamu.

Ukitaka kujipima, chukua daftari. Kwa wiki sita andika kila mara ulipohisi kitu, ukitenganisha yale mambo manne, kisha rudi nyuma ukumbuke miaka ya shule: wenzako walipoanza kutajana majina, wewe ulikuwa na jina la kweli au ulilitunga ili usionekane wa ajabu? Usijipime kwa kulala na mtu. Tendo halipimi mvuto, na wengi hubaki na majuto bila jibu.

Hospitali ina nafasi yake. Kama hamu ilikuwepo ikapotea ghafla, nenda. Baadhi ya dawa za sonona kama fluoxetine na sertraline huipunguza, vivyo hivyo kisukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, kuzidi kwa prolaktini (homoni inayochochea maziwa ya mama), na kunyonyesha. Mwambie daktari lini ilianza na dawa zote unazotumia. Kama umekuwa hivyo tangu balehe na wala haikusumbui, mweleze hivyo hivyo.

Kwa mchumba, sema kabla ya posa. Mahari ikishapokelewa, mnakuwa mnabeba koo mbili. Mwambie waziwazi: "Nakupenda na nataka kuishi nawe, ila sipati mvuto wa mwili kama watu wengine, na si kwa sababu yako." Usipomwambia, atakachodhani kwanza ni kwamba una mchepuko. Kisha mzungumzie kipi kinakubalika kwako, kipi hakikubaliki kamwe, yeye anahitaji nini, na watoto mtawapataje. Usiahidi kwamba utabadilika, wala usivumilie tendo usilolitaka ili kulinda ndoa. Uchungu wa kuvumilia hivyo hukua kimyakimya, na mwenzako ataugundua. Kumbuka pia kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, mahakama inaweza kubatilisha ndoa ambayo tendo halijafanyika kwa sababu mmoja amekataa kwa makusudi.

Shangazi, somo na kungwi, ninyi ndio mnaoulizwa kwanza, na ninyi ndio mnaouliza "pilau yako tutaila lini?" mbele ya watu. Mwiteni kijana huyo pembeni. Muulizeni kama anaumia au yuko salama, kama kuna aliyemdhuru, kama anatamani mwenza wa namna yoyote. Akijibu kwamba yuko sawa, mwambieni mama yake aache kutafuta mganga.